Dodo, boribo, Apple au Kent: nipande embe lipi Mkuranga?

SWALI: Shikamoo Bwana Shamba. Nimerithi ekari mbili Mkuranga, ardhi ya kichanga, ina miembe michache ya zamani ya bibi. Nataka kupanda maembe ya biashara. Mama anasema embe ni dodo na boribo, mengine mbwembwe. Muuza miche anasema nipande Apple, Kent na Tommy kwa sababu ndiyo "ya kisasa". Kaka yangu aliyeko Muscat anasema hakuna embe duniani kama Alphonso. Naomba unilinganishie, kwa ladha na kwa pesa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na mkato: Tommy achana nayo, Alphonso mwachie kaka yako aendelee kuila hukohuko Muscat, na mama yako amekaribia ukweli kuliko muuza miche. Ila mama ana sharti moja ambalo pengine hajakwambia, kwa sababu kwake ni jambo la kawaida: akisema dodo, anamaanisha dodo la mti fulani anaoujua.

Hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi wote wa maembe. Watu wawili wanaweza kukaa kibarazani Temeke wakabishana kuhusu dodo hadi jioni, mmoja akiapa ni asali tupu, mwingine akiapa ni nyuzi tupu, na wote wawili wakawa wakweli. Dodo zuri ni kubwa, zito mkononi, ganda lake hubaki na ukijani hata likiiva, na ndani nyama ni ya njano iliyokolea, yenye maji mengi. Dodo baya lina umbo hilohilo, lakini ukimaliza kula unatafuta kijiti cha meno, na karibu na kokwa kuna harufu kali kama ya tapentaini. Kenya jina hilohilo halina heshima kabisa. Wataalamu wao wanaliweka dodo katika maembe mchanganyiko yenye nyuzi nyingi, na wenye vitalu wanaotesha kokwa zake ili wapate mashina ya kubebeshea, yaani kuunganishia, aina nyingine.

Sababu iko ndani ya kokwa. Maembe yenye asili ya India kwa kawaida yana kiinitete kimoja tu, yaani mmea mchanga mmoja ndani ya kokwa, na hicho ni mtoto wa kweli, kimechukua huku na huku: mama ni mti uliouona, baba ni chavua iliyoletwa na nzi au nyuki kutoka mti usioujua. Ukipanda kokwa lake unapata mti mpya kabisa, ambao unaweza kumzidi mama au kumwaibisha. Maembe mengi ya Asia ya Kusini-Mashariki ni tofauti. Kokwa moja linatoa miche miwili, mitatu au zaidi, na mingi kati ya hiyo ni nakala ya mama. Pwani yetu imepokea maembe kutoka kila upande wa Bahari ya Hindi kwa muda mrefu sana. Msafiri Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali, na pembeni yake achari ya maembe mabichi. Karne zote hizo watu wamekula, wametupa kokwa uani, kilichoota kikaota. Kwa hiyo dodo ni ukoo mzima, na ukoo una wema na watoro.

Mti wa kubebeshwa hauna bahati nasibu hiyo. Apple iliyobebeshwa vizuri Mkuranga na Apple iliyobebeshwa Makueni, Kenya, ni mti mmoja kwa damu, kinachotofautiana ni udongo, mvua na mkulima. Ndiyo maana muuza miche anazipenda aina hizo: anaweza kukuahidi kitu. Dodo la kokwa hawezi kulisemea. Lakini dodo la kubebesha, lililotolewa kwenye mti ambao wewe mwenyewe umekula matunda yake, analiweza kama anavyoiweza Apple. Kabla hujalipia mche wowote, nenda kwenye ile miembe ya bibi msimu huu na uonje kila mti. Onja kwa haki: chagua embe lililoivia mtini au karibu na kuiva, lisitoke kwenye friji, na kata shavu zima hadi kwenye kokwa, maana nyuzi hujificha huko chini. Mti ukikuridhisha, ufunge kitambaa. Huo ndio mama wa shamba lako.

Boribo ni habari nyingine. Kwa ulimi wangu ndilo embe bora la pwani, na najua watu wa Unguja watanijibu kwa muyuni na shomari zao, waache wajibu. Ni refu, limepinda kidogo, nyama yake ni ya rangi ya chungwa, nyuzi chache, na harufu yake hukaa mkononi hata ukishanawa. Kasoro yake ni mwili wake mlaini. Ganda ni jembamba na nyama inalegea haraka, likidondoka mara moja kwenye tenga kesho lina doa jeusi. Mfanyabiashara anayesafirisha mzigo siku mbili tatu barabarani hulikwepa, na wala simlaumu.

Ndugu yake kwa mwonekano ni ngowe, linalopendwa sana Lamu na pwani ya Kenya. Refu, ncha kama mdomo wa ndege, likiiva linakuwa njano ya kuelekea chungwa, na karibu halina nyuzi. Inasimuliwa kwamba Mwarabu aliyeitwa Ngowe ndiye aliyelitoa Unguja na kulipanda Lamu mwaka 1906. Tamu, hilo halina mjadala, lakini maua yake hushambuliwa sana na ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama unga, na mti una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika unaofuata. Kwa ekari mbili sikushauri. Panda mmoja karibu na nyumba kwa ajili ya wageni.

Sasa hiyo Apple. Watu wengi wanadhani imetoka Ulaya kwa sababu ya jina. Ni ya hapahapa, asili yake ni pwani ya Kenya karibu na Malindi. Ni ya mviringo, saizi inayoenea kiganjani, rangi ya njano hadi chungwa yenye wekundu shavuni, karibu haina nyuzi, na ina maji mengi. Kutoka pwani ilipanda bara ikaenea Makueni na Machakos, na leo ukiingia sokoni Nairobi ndiyo inayotawala. Inastahili. Ina utamu wa embe la pwani na bado inavumilia safari kuliko boribo. Tatizo lake ni magonjwa: ubwiri unga kwenye maua na chule, ugonjwa wa madoa meusi, kwenye tunda, yote mawili inayapata kwa urahisi. Hewa kavu ya Makueni inaisaidia. Hewa ya Mkuranga yenye unyevunyevu haiisaidii. Ukipanda Apple kwako, jua umejiandikisha kupuliza dawa kwa ratiba. Muuza miche anayekwambia "hii haina shida" anauza miche tu.

Tommy, Kent na Keitt zote ni za Florida, Marekani, na historia yao inakusaidia kuelewa kwa nini zinasifiwa sana na watu ambao hawazili. Mti ulioanzisha mambo ulikuwa wa Kapteni Haden, aliyepanda kokwa za embe la Kihindi liitwalo Mulgoba huko Coconut Grove mwaka 1902. Tunda lililotoka lilikuwa jekundu, zuri machoni, na kila mtu Florida akalitaka. Kutokana na uzao wake ikapatikana Tommy Atkins, na wakulima walipoipeleka miaka ya 1950 mbele ya chama cha wapenda maembe wa Florida, chama kiliikataa kwa sababu ladha haikuwafurahisha. Wakulima wakaipanda hivyohivyo. Ganda nene, rangi ya kung'aa, haiogopi magonjwa sana, inakaa dukani siku nyingi. Ndilo embe ambalo Wamarekani wengi wamelijua maisha yao yote, na pengine ndiyo sababu wengi wao hawaelewi sisi tunashangilia nini kila Desemba. Ina nyuzi na utamu wa wastani. Huna meli ya kupakia, mwanangu. Usilipe gharama ya ladha kwa faida ambayo hutaitumia.

Kent ni heshima nyingine kabisa. Mti wa kwanza ulipandwa mwaka 1932, hukohuko Coconut Grove, kwa kokwa la embe liitwalo Brooks. Nyama yake ni laini kama siagi, nyuzi hakuna, utamu umekolea. Katika maembe ya kigeni ningeiweka juu. Nayo inapata chule, na embe likichelewa kuchumwa, nyama iliyo karibu na kokwa hulegea ikawa kama uji. Kwa hiyo Kent inataka mchumaji mwenye macho.

Keitt ndiyo ambayo muuza miche hakukutajia, na mimi ningeitaja kabla ya Kent kwa upande wa pesa. Tunda lake ni kubwa, mara nyingi linapita nusu kilo kwa mbali, na huchelewa kuiva. Wakati dodo na Apple zimejaa kila kona na bei imelala, Keitt bado iko mtini. Watu wakianza kuuliza "maembe yameisha?", wewe unachuma. Taabu yake ni rangi: hubaki na ukijani hata ikiwa imeiva, na mteja wa kwanza atakwambia unamuuzia bichi. Mkatie kipande. Hakuna tangazo linaloshinda kipande.

Rangi yenyewe nayo isikusumbue. Ule wekundu wa shavuni ni kazi ya jua lililopiga upande huo wa tunda. Hauelezi utamu wala kuiva. Embe likikomaa mabega yake huvimba na kupanda juu ya kikonyo, na ukilikata, nyama iliyo karibu na kokwa imeshaanza kuwa ya njano. Angalia hayo.

Kuhusu Alphonso, kaka yako hasemi uongo. Lile linalotoka Ratnagiri na Devgad, pwani ya Konkan magharibi mwa India, ni zuri kweli: nyama ya zafarani, harufu inayojaza chumba, nyuzi hakuna. Wahindi wamelilinda kwa alama ya kijiografia tangu 2018, kwa hiyo kisheria kule, embe la mahali pengine haliruhusiwi kujiita Alphonso la Konkan. Wareno waliotawala Goa ndio wanaotajwa kueneza ubebeshaji uliozaa aina hiyo. Lakini lina ugonjwa wake wa ndani: nje tunda ni zima, ndani kuna sehemu nyeupe kama sponji, chachu, isiyolika, na hujui mpaka ukate. Linazaa kwa kurukaruka miaka. Miti yake ipo Tanzania na Kenya, nami nimekula matunda yake, ni mazuri, ila sijaonja Alphonso la kwetu la kumshawishi mtu anayejua la Ratnagiri. Na mteja wa Buguruni hatakulipa zaidi kwa sababu ya jina.

Sasa pesa. Umerithi mahali, na mahali pako ndiyo silaha yako. Kutoka Mkuranga unachuma alfajiri na asubuhi hiyohiyo mzigo uko kwenye masoko ya Dar es Salaam: Mbagala, Temeke Stereo au Buguruni. Mkulima wa Tabora hana bahati hiyo. Yeye lazima apande embe linalovumilia safari. Wewe unaweza kuuza boribo lililokaribia kuivia mtini, kitu ambacho mji mzima unakitaka na wachache wanaweza kukifikisha kikiwa hai. Ukipanda Tommy, unatupa faida hiyo na kwenda kushindana na watu wa mbali kwa silaha yao.

Ekari moja kwa nafasi ya mita 10 kwa 10 inabeba miti 40, kwa hiyo una nafasi ya miti 80. Ningekuwa wewe ningegawa hivi: Apple 25, boribo 20, dodo kutoka ule mti wa bibi 15, Keitt 15, na Kent 5 za kujaribu udongo wako. Apple ndiyo ya kukulipia mahitaji kwa sababu soko lake ni pana. Boribo na dodo ndizo za kukupatia wateja wanaorudi. Keitt inakurefushia msimu. Usisahau kwamba dodo linauzwa pia bichi, kwa chumvi na pilipili getini shuleni, na kwa wapika achari. Tena lile lenye nyuzi kidogo hupendwa na wauza juisi, maana wao wanachuja. Embe lisilopendeza sahanini bado lina mnunuzi. Kati ya mistari, miaka minne ya mwanzo, panda kunde au njugu. Usipande mihogo hadi kwenye shina la mwembe kama wafanyavyo majirani.

Kazi kubwa itakuwa wakati wa maua. Kwako miembe hutoa maua miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, na usiku wenye umande ndiyo karamu ya ubwiri unga. Ukiona unga mweupe kwenye kikole cha maua, umeshachelewa kidogo, maua yatakauka na kudondoka kabla ya kufunga. Salfa hupulizwa maua yanapoanza kuchanua, si jua la mchana, na hurudiwa kama lebo inavyosema. Chule huja na mvua za vuli, tunda likiwa linakua: madoa meusi, halafu mistari inayoteremka kama machozi. Dawa ya shaba husaidia, lakini kupogoa matawi yaliyosongamana ili upepo upite kunasaidia zaidi, na ni bure.

Kisha nzi wa matunda. Huyu msumbufu wa sasa ni mgeni kutoka Asia, aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003 na akaenea Afrika kwa kasi ya kutisha. Kwa sababu yake Kenya ilisimamisha yenyewe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na haikurudi hadi 2021. Anatoboa ganda na kutaga mayai, wewe unaona embe zuri, mteja anakuta funza. Apple na Kent anazipenda, na boribo lenye ganda jembamba analipenda zaidi. Tundika mitego ya chambo, na hili la pili ndilo watu hupuuza: okota kila embe lililodondoka, kila siku, ulitie kwenye mfuko mweusi wa plastiki, ulifunge na kuliacha juani mpaka funza wafe. Shamba lenye maembe yanayooza chini ni kiwanda cha nzi. Na ukikuta wale chungu wekundu waitwao maji moto wamejenga viota vya majani juu ya miembe, usiwafukuze. Wanauma, najua, wachumaji watalalamika, lakini wanawinda wadudu usiku na mchana bila mshahara.

Kuchuma, mwambie kijana wako aache kikonyo cha urefu wa kidole gumba, kisha akikate kikiwa kimeinamishwa chini ili utomvu udondoke nje ya tunda. Utomvu ule unaunguza ganda na kuacha michirizi myeusi, na dalali akiiona hukata bei hapohapo. Kuivisha kwa kabaidi usikubali hata mnunuzi akikuomba, gesi yake hubeba masalia ya sumu na tunda hubadilika rangi bila utamu. Ndizi mbivu ndani ya kreti lililofunikwa zinaivisha vizuri. Friji ya baridi kali nayo si rafiki, chini ya nyuzi 12 hivi embe huumia, ganda hufubaa na ladha hupotea.

Mwisho, namna ya kumpata huyo dodo wa bibi. Otesha kokwa za maembe ya kienyeji sasa hivi, kwenye viriba, kokwa zikiwa mbichi, maana zikikauka hazioti. Miche ikifikia unene wa penseli iko tayari. Kwenye mti wenye kitambaa chagua vikonyo, yaani ncha za matawi za kubebesha, vya unene huohuo, vyenye jicho la ncha lililovimba lakini halijafunguka, na siku 7 hadi 10 kabla ya kuvikata punguza majani yake ili jicho lipate nguvu. Kata asubuhi, vifunge kwa kitambaa kibichi, bebesha siku hiyohiyo kwa mkato wa kabari, funga kwa utepe wa plastiki na uvike kimfuko juu. Ukiona jicho linachipua baada ya wiki tatu nne, ondoa kimfuko. Kama hujawahi, mtafute fundi anayebebesha mikorosho, Mkuranga hawakosekani, mkono ni uleule. Miche ya Apple na Keitt nunua kwenye kitalu ambacho mwenyewe atakuonyesha mti mama, na kabla ya kulipa angalia kovu la kubebesha. Mche usio na kovu ni wa kokwa, hata ukiwa na kibandiko cha jina gani. Panda masika yakishalowesha ardhi vizuri, na ukiona maua mwaka wa kwanza au wa pili, yakate.